Kipande cha kalamu kilichofanya turbo yangu igome ikiwa moto, na fundi wangu akakosa lori tatu

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye magari na wenye viatu tu.

Mimi ni mzee sasa. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti hii, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za magari kimya kimya kama mtu anayechungulia harusi ya jirani.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu: gari lake la turbo linawaka vizuri asubuhi, lakini akilizima kidogo likiwa moto, halafu aliwashe tena, linatetemeka, linakohoa, linazimika. Mkamjibu. Badilisha plagi. Badilisha pampu. Uza gari. Halafu mmoja wenu akaandika kwamba shida ni fundi, mafundi wote ni waongo.

Hapo kwa fundi ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Nitawaeleza yaliyonipata miaka ya tisini, kati ya Thika na Ruiru. Ni ukweli mtupu. Mtu akidanganya hujipamba, na mtaona wenyewe kwamba humu sijajipamba hata kidogo.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Thika. Umri wangu miaka thelathini na mbili, cheti cha Form Four mfukoni, Physics nzuri, na mdomo mkubwa.

Wakati huo magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi. Mimi nikapata sedani nyeupe. Sitataja aina, kwa sababu gari halikuwa na kosa lolote. Ubavuni liliandikwa TURBO kwa herufi nyekundu zilizolala upande, kana kwamba hata maandishi yana haraka.

Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Nilikuwa nakiweka kwenye dashibodi watu wakione. Nilikuwa nakisoma picha.

Fundi wangu aliitwa Ramadhani, lakini kila mtu alimwita Rama. Mzaliwa wa Majengo, Thika. Babake Mnubi, mamake Mkamba, na Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa akifanya kazi Ruiru, karibu na reli, chini ya turubai moja lililotoboka. Mvua ikinyesha anaingia chini ya gari la mteja na anaendelea kufunga nati.

Rama alikuwa mmoja wa watu wachache upande ule waliokuwa wanaelewa injini zisizo na kabureta. Wengine wote wakifungua boneti la gari langu walikuwa wanalifunga polepole, kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu.

Sasa shikeni jambo hili moja, kwa sababu uzi wote unasimama hapa.

Nilikuwa nataka kumuoa Wambui, binti wa Mzee Mbugua wa Kalimoni, kule karibu na Juja. Mzee Mbugua alikuwa na lori tatu za kubeba mawe ya kujengea. Fundi wake wa zamani alikuwa amehama, na Wambui aliniambia babake anatafuta mtu wa kudumu.

Nikamwambia Rama, "Siku nitakayopeleka wazee, utakuja na sisi. Nitakusimamisha mbele ya mzee na lori zile ni zako."

Rama hakuwa mtu wa kuruka ruka. Lakini jioni ile alinionyesha ardhini, kwa kidole cha mguu, mahali nguzo za gereji ya mabati zingesimama. Watoto wake walikuwa wameshaonyeshwa. Hata mama aliyeuza chai pale kando alikuwa ameshaonyeshwa.

Lori tatu, wakuu. Kwa mtu wa turubai, hayo ni maisha mengine.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Kazini nilikuwa na rafiki anaitwa Njuguna, mtu wa mizani. Njuguna hakuwa na gari. Alikuwa na baiskeli na maoni. Siku moja wakati wa chakula akaniambia:

"Karani, hiyo turbo yako imefungwa. Wajapani huweka kavalvu kadogo kwa paipu ya mpira, ndio vijana wao wasikimbie sana. Ukikaruka, gari inafunguka."

"Nani amekuambia?"

"Mtu."

Mkuu yeyote mwenye akili angeuliza mtu gani. Mimi nilifungua boneti.

Nyuma kabisa ya injini, chini ya bomba kubwa la hewa, nikaona kavalvu kadogo keusi kenye paipu mbili nyembamba za mpira, moja inaingia, nyingine inatoka. Nikazichomoa zote mbili. Sasa nilihitaji kitu cha kuziunganisha moja kwa moja. Nikapapasa mfuko wa shati, nikatoa kalamu ya ofisini, ya buluu. Nikaikata kipande cha urefu wa kidole gumba, nikakichomeka huku na huku. Kiliingia kana kwamba kilizaliwa humo.

Halafu nikafunga tepu nyeusi juu yake, safi, bila mkunjo. Stoo tulikuwa tunafunga vitu vizuri. Ungeona kazi ile ungeapa imetoka kiwandani Japani.

Nikaendesha hadi Juja na kurudi. Wakuu, naapa nilihisi nguvu imeongezeka. Upepo ulibadilika. Ng'ombe waliniangalia tofauti.

Hakukuwa na kitu kilichoongezeka.

Kwa nini sikumwambia Rama? Kwa sababu siku ya kwanza alipoliona gari alinikanya: "Karani, chini ya boneti usiguse kitu. Physics yako ya shule haijui huku." Niliudhika. Nikataka siku moja nimshangaze.

Baada ya wiki mbili hivi nilikwenda Ruiru kumwona binamu yangu. Nikazima gari, nikanywa kikombe cha chai, nikarudi kuwasha. Gari likatetemeka kama mtu wa malaria. Nikikanyaga mafuta linakohoa. Nikiachia linazimika. Baada ya dakika mbili hivi za kubembelezana, likatulia lenyewe na kwenda vizuri hadi nyumbani.

Asubuhi likawaka mara moja. Kamili.

Nikapeleka kwa Rama. Akaliwasha likiwa baridi: zuri. Akaliendesha: zuri. Akaniangalia.

"Karani, unataka niponye mtu mzima?"

"Ngoja lipate moto, zima, kaa kidogo, halafu washa."

Tukafanya hivyo. Tulikwenda hadi upande ule ambao leo mnauita Kamakis na kula nyama choma. Enzi hizo hapakuwa na bypass wala nyama, kulikuwa na mashamba ya kahawa na vumbi. Tukarudi, tukazima, tukanywa chai ya mama wa pale kando ya reli. Rama akawasha. Malaria.

Rama akatabasamu. Fundi mzuri akipata ugonjwa mpya hufurahi, kama daktari.

Akaanza kazi. Plagi, akatoa, akasafisha, akarudisha. Chujio la mafuta, jipya. Akaazima koili kwa rafiki yake, akajaribu, akairudisha. Kila Jumamosi nilikuwa pale, na kila Jumamosi gari lilikuwa zuri mpaka tunywe chai. Mama wa chai akaanza kutuambia kwamba shida ni chai.

Jumamosi ya tatu Rama akafanya kitu. Gari likiwa moto limegoma, akachukua kitambaa, akakilowesha maji, akakilaza juu ya reli ya mafuta, lile bomba linalogawa petroli kwa injini. Akangoja kidogo. Akawasha.

Likawaka vizuri.

"Ni joto," akasema. "Turbo inachoma huku chini kama jiko. Ukizima, upepo hakuna, petroli inachemka ndani ya reli. Ukiwasha inakunywa mvuke badala ya mafuta. Lakini Wajapani sio wajinga. Lazima waliweka kitu cha kuzuia hii."

Akainama ndani ya boneti. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akageuka.

"Karani, kuna mtu amefungua hapa? Mtu yeyote? Hata wewe?"

Nikasema, "Hakuna."

Neno moja, wakuu. Nimelijutia kuliko maneno mengine yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi.

Nijitetee kidogo, halafu mnikatae: siku ile sikuwa na uhakika kwamba kalamu ndiyo shida. Nilikuwa nimeichomeka wiki mbili kabla gari halijaanza kugoma, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba kabla ya hapo sikuwa nimelizima likiwa moto na kuliwasha upesi. Lakini nilishuku. Kinywa ndicho kilichokataa.

Rama akaniamini. Akaendelea kutafuta kitu ambacho kingeharibika chenyewe, kwa sababu mteja wake amesema hakuna aliyegusa.

(Samahani, nilikuwa nimeitwa chai. Nimerudi.)

Siku ya kupeleka wazee ikafika na gari bado halijapona. Rama akasema tusiwe na wasiwasi, atakuja na jerikeni ya maji na vitambaa, na mimi nitii sheria moja tu: nisizime injini hadi tuwe ndani ya boma. Baada ya hapo gari litapoa kwa muda wa saa nne, watu wakiongea na kula.

Ndani ya gari tulikuwa watano. Mimi kwenye usukani. Rama kando yangu na shati jeupe lililopigwa pasi, jerikeni kati ya magoti. Nyuma, mjomba wangu Kang'ethe, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, shangazi Nyambura, na mzee mwingine wa ukoo ambaye alilala kabla hatujatoka Thika. Wengine walikuwa nyuma yetu kwenye pikapu.

Rama alikuwa amekata nywele. Nakumbuka hilo.

Tukafika Kalimoni mapema, injini inanguruma, kila kitu sawa.

Sasa kwa wasiojua desturi zetu: ukipeleka wazee, hufungui geti na kuingia. Wanawake wa kwa kina bibi arusi hufunga geti na kusimama ndani. Nyinyi mnasimama nje na kuimba. Wanawajibu kwa nyimbo, wanawauliza nyinyi ni kina nani, mnataka nini, mbona mmekonda. Mnajibu kwa nyimbo. Mkiimba vibaya mnangoja. Ni furaha tupu, kama gari lako halina malaria.

Wanawake wetu wakaanza kuimba. Nami nikabaki kwenye usukani, injini ikiwaka, feni inavuma.

Ndani ya geti alikuwa nyanya yake Wambui, cucu kama tunavyoita sisi, mama mfupi, amejifunga leso. Akainua mkono, nyimbo zikanyamaza.

"Nani huyo ananguruma? Sisi tunaimba na yeye ananguruma? Zima!"

Nikamwangalia Rama. Rama akanong'ona, "Usizime."

"Cucu, gari ina shida kidogo," nikasema kupitia dirishani.

"Haiya! Ina shida na mmekuja nayo kuchukua mtoto wetu? Zima, ama mrudi nayo!"

Wanawake wa pande zote mbili wakacheka. Shangazi Nyambura akanigonga bega kutoka nyuma: "Zima, we mtoto, unatuaibisha."

Nikazima.

Wakaimba robo saa. Wakuu, kama mtu angekaa na saa kupanga muda mbaya kabisa wa kungoja, asingepata bora kuliko huo. Ile petroli ilikuwa inachemka nikiisikia moyoni. Rama hakuweza kutoka na kufungua boneti katikati ya nyimbo, na alijua hilo. Alikuwa amekaa ameshika kitambaa chake kilicholowa, maji yanadondokea suruali.

Geti likafunguliwa kwa vigelegele. Nikawasha.

Kutoka getini hadi nyumbani kulikuwa na kamlima kadogo. Gari likaruka hatua moja, likasimama. Likaruka tena, likasimama. Lilikuwa linakwenda kama mbuzi anayevutwa asiyetaka kwenda. Yule mzee aliyelala akaamka na kuuliza kama tumegonga kitu. Katikati ya geti likazimika kabisa, mkia nje, kichwa ndani. Pikapu ya wenzetu haikuweza kuingia, na lori la Mzee Mbugua lililokuwa linataka kutoka halikuweza kutoka.

TURBO, herufi nyekundu, mbele ya wakwe.

"Sasa hii ni geti ama ni gari?" cucu akauliza, na boma lote likalipuka kwa kicheko.

Tulisukumwa. Niliingizwa kwa wakwe zangu nikisukumwa na wanawake waliovaa nguo za sherehe, wakiimba wimbo walioutunga hapo hapo juu ya mwanaume anayeshindwa kupanda mlima. Siwezi kuuandika hapa, kuna watoto.

Tukatozwa faini ya kreti za soda kwa kuziba geti. Mjomba Kang'ethe akakubali kwa heshima. Mpaka hapo ilikuwa mchezo. Kama ningecheka na wengine, uzi huu usingekuwepo.

Rama alikuwa ameshafungua boneti na kulaza kitambaa. Akawasha, gari likanguruma vizuri. Mzee Mbugua akasogea. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayependa kuangalia injini. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, mbele ya watu wote, kama mtu anayependa magari:

"Shida ni nini na gari nzuri hivi?"

Wazee wangu wakaniangalia. Wambui alikuwa mlangoni na dada zake, anacheka nyuma ya kiganja. Cucu yupo. Mimi nina kola imelowa jasho.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni joto.

Nikasema, "Mzee, muulize fundi. Ni huyu. Amekuwa nalo wiki sita. Alipoanza kulishika lilikuwa zima."

Mzee Mbugua akageuka kwa Rama.

"Ni wewe niliambiwa utakuja, habari ya lori?"

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

Mzee akamwangalia. Akaangalia kile kitambaa kilicholowa juu ya injini.

"Sawa," akasema. "Karibu chakula."

Hakumwuliza kitu kingine siku hiyo. Wala mimi sikumsimamisha Rama mbele ya mtu. Wambui alikuwa amempikia Rama maharagwe na chapati kando, kwa sababu mbuzi wetu hakuwa amechinjwa na Mwislamu. Chapati zile nilizikuta baadaye kwenye meza, zimefunikwa vile vile.

Rama alirudi kwa pikapu.

Mazungumzo na wakwe yalikwenda vizuri, mkitaka kujua. Nilikubaliwa. Njia nzima ya kurudi wazee wangu walikuwa wanasifu.

Jumatatu jioni nilipitia Ruiru. Sijui nilitaka kusema nini. Rama alikuwa pale na kitabu changu cha Kijapani, nilichokuwa nimemwachia, kimefunguliwa kwenye picha moja ya paipu. Hakunisalimu. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Akatoa lile bomba kubwa la hewa. Akalinganisha na picha. Picha ilionyesha kavalvu kenye paipu mbili. Kwenye gari, kavalvu kalikuwa hapo, uchi, hakana paipu hata moja. Akafuata paipu kwa vidole hadi kwenye tepu. Akaifungua tepu polepole. Akachomoa.

Kile kipande kilikuwa cha upande wa mwisho wa kalamu, na kilikuwa na alama za meno. Na mimi, wakuu, hutafuna kalamu. Kiwanda kizima kilijua. Rama aliwahi kunitania kwamba risiti nikiandika zinanuka mate.

Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Karani, Japani wanatafuna kalamu?"

Nikakifunga kiganja.

"Hii valvu," akasema, bila kupandisha sauti, "ukiwasha injini ikiwa moto, inafanya regulator iongeze presha ya mafuta dakika moja, mbili. Presha ikipanda, petroli haigeuki mvuke. Ndio kazi yake, basi. Haina maneno na turbo."

Akarudisha paipu mahali pake. Haikuchukua dakika kumi. Tukaliendesha, tukazima, tukangoja. Hatukunywa chai. Akawasha, likawaka kwa mguso mmoja, likatulia kama paka.

Nikasema, "Rama, nisamehe."

Akasema, "Mimi sio Mzee Mbugua."

Nilielewa. Nikasema Jumamosi nitakwenda Kalimoni kumweleza. Jumamosi ikafika, nikaenda Kalimoni, nikala githeri, nikacheka na mzee, nikarudi. Sikusema. Nilijiambia ngoja tumalize mipango ya harusi. Harusi ikapita. Nikajiambia ngoja tuzoeane.

Wakati huo lori tatu zikapewa fundi mwingine wa Juja. Rama akabaki na turubai. Na wenzangu kazini wakiniuliza gari lilikuwa na nini, nilikuwa nasema tu, "Lilikuwa na shida, likapona," na kuwaacha waendelee kuamini waliyoyasikia ya getini, kwamba fundi ndiye aliyeliharibu. Magari mawili ya watu wa kiwandani yaliacha kwenda kwa Rama. Hayo ni yale ninayoyajua mimi.

Aliyenifungua mdomo ni Wambui. Jioni moja, tayari ni mke wangu, akasema, "Baba bado anasema yule fundi wa Ruiru alituaibisha getini. Lakini mimi nilimwona mtu mzuri. Ilikuwa nini hasa?"

Nikamwambia yote. Alikuwa anamenya viazi, akaacha.

"Kalamu?"

"Kalamu."

"Na ulimwangalia baba machoni?"

Siku mbili hakuniongelesha zaidi ya "chakula" na "mlango." Siku ya tatu akasema, "Utaenda kwa baba. Na hutaenda na hilo gari. Utapanda basi, ushuke, utembee, ufikirie."

Nikaenda. Mzee Mbugua alinisikiliza hadi mwisho akiwa amekaa kwenye stuli nje ya stoo yake.

"Kwa hivyo," akasema, "mgeni alikuja kwangu, kwenye siku ya furaha, nikamwangalia kama mtu mbaya. Ndani ya boma langu. Kwa sababu yako."

"Ndiyo, mzee."

"Lori zina mtu. Kijana wa Juja hajanikosea. Siwezi kumfukuza ili nilipe makosa yako."

"Naelewa."

"Huelewi. Lakini umekuja. Mpelekee salamu zangu, umwambie nilikosea kumwangalia."

Kesho yake nikaenda Ruiru. Rama alikuwa anakula mchana, amekaa kwenye tairi. Nikamwambia nimemweleza mzee, na nikampa salamu. Nilitegemea ataweka sahani chini, tukumbatiane, yaishe.

Akaendelea kutafuna.

"Umemwambia lini?"

"Jana."

"Na ya getini ilikuwa lini?"

"Miezi saba iliyopita."

Akafikiri. "Basi huo uongo ulitembea miezi saba peke yake. Na ukweli una siku moja. Uutembeze na wewe miezi saba, Karani. Halafu uje tuongee."

Nikafanya hivyo. Nilianzia kiwandani. Nikawaambia wenzangu wakati wa chakula, Njuguna akiwa hapo, ameinamia sahani yake. Nikawaambia watu wa bucha, Thika. Nikamwambia mjomba Kang'ethe, ambaye alicheka hadi akatoa machozi, halafu akanitukana. Niliwaambia watu ambao hawakuwa wameuliza. Nilikuwa natembea na kile kipande cha kalamu mfukoni kama kitambulisho. Watoto wa mtaani wakaanza kuniita Baba Kalamu, na wengine wao ni watu wazima sasa na bado wananiita hivyo.

Yale magari mawili ya kiwandani yalirudi kwa Rama. Lori hazikurudi. Lori hazirudi hivyo.

Miezi saba ilipoisha nilikwenda. Rama aliniagizia chai. Tukaongea habari za kabureta, za watoto, za mvua. Ya getini hatukuigusa. Aliendelea kulitengeneza gari langu hadi ile ploti ya kando ya reli ilipouzwa, naye akahamia kwa kina mkewe upande wa Voi. Nilimsaidia kupakia masanduku ya spana. Turubai alilikunja mwenyewe.

Hapakuwa na simu za mkononi kama leo. Nilipoteza njia ya kumpata.

Sasa, kijana wa turbo, jibu lako: usiuze gari. Kama ni baridi zuri, ni moto mbaya, na linapona lenyewe baada ya dakika mbili, laza kitambaa chenye maji juu ya reli ya mafuta. Likiwaka vizuri, petroli inachemka. Fuata paipu ndogo ya regulator ya mafuta hadi kwenye valvu yake, uone kama imechomolewa, imepasuka au imerukwa na mtu mwenye Physics. Likibaki baya na linatoa moshi mweusi, huo ni ugonjwa mwingine, angalia sensa ya joto la maji.

Na fundi akikuuliza kama umegusa, sema umegusa. Utaaibika dakika tano. Mimi nimeaibika tangu miaka ya tisini.

Karibuni mchangie. Mnaweza kunicheka, nimezoea. Lakini nina swali kwa mafundi walio humu, hasa aliyewahi kukosa kazi kwa sababu ya mdomo wa mteja: mteja huyo akirudi, ni nini ungetaka akuambie? Nauliza kwa sababu Rama hakuwahi kuniambia, na mimi chai ile niliinywa yote bila kumwuliza.